Mtihani wa Lalla Ghita

Casablanca, Bustani ya Yasmini, Jengo la 14
3 Februari

Dada yangu Lalla Ghita,

Nakusalimu sana, wewe na kila aliye mzima hapo kichochoroni. Mimi sijambo. Goti ndilo hubishana nami siku lifti inapogoma. Mwanangu Naoufal alipiga simu kutoka Montreal, anasema theluji imefika dirishani na watoto wanakusalimu. Hasnae, binti wa marehemu kaka yetu, amepandishwa cheo hospitalini. Sasa anatibu vichwa vya wazee tu, asubuhi hadi jioni, na amekonda.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwanza, simu niliyokununulia najua inakaa ndani ya debe la unga. Pili, jambo lenyewe nataka liwe kwenye karatasi.

Dada, nimesikia habari ya mkate. Binamu yetu Rqia alipokutembelea Januari ulimwekea mkate mezani wenye alama yako ya tanurini, ile ya vidole vitatu tuliyoachiwa na mama. Alama ilikuwa ya kwetu lakini mkate haukuwa wa kwetu. Rqia anasema ulikuwa mgumu pembeni, mbichi katikati, na hauna chumvi hata punje. Wewe, uliyekuwa unafundisha nusu ya Fez kukanda unga, ukautafuna kwa utulivu na kumwambia kuwa ni mkate wako. Rqia amelia kwenye basi mpaka Meknes.

Sikulaumu. Una miaka sabini na mitano, unaishi peke yako kwenye nyumba ya ngazi thelathini na nne, ndani ya kichochoro chenye kona ambazo hata mimi, niliyepima ardhi ya serikali miaka thelathini na sita, sikuwahi kuzichora zikakaa sawa. Huku kwangu kila kitu kimenyooka. Barabara imenyooka, majengo yote ni meupe na yanalingana, hakuna punda, hakuna makelele. Mtu anapumzisha akili.

Familia itakaa kikao Sikukuu ya Kuchinja. Nimependekeza nyumba ya Fez ifungwe na wewe uje kukaa nami. Chumba kipo, kina kabati la ukutani. Lakini Hasnae anataka kwanza upimwe, akanipa karatasi hii ya kumbukumbu. Ijibu peke yako. Mwisho kuna maneno matano ya kukariri, nimeyachagua mwenyewe: mlango, punda, limau, kengele, blanketi. Yasome, funika karatasi, kesho yake uyaandike.

Ndugu yako akupendaye,
Allal

*

Fez
20 Februari

Allal mdogo wangu,

Salamu zimefika, nami nakurudishia na za ziada, maana hapa kila mtu ameongeza zake. Bouazza anakusalimu, na punda wake pia. Bwana Thami wa tanuri la mtaa anauliza kama bado unakula vitunguu vibichi. Sisi wazima, isipokuwa paka wa duka la Idder, aliyeanguka ndani ya pipa la zeituni na sasa anang'aa.

Mtihani wako nimeufanya. Umesema niufanye peke yangu, nami nakuuliza ni lini katika kichochoro hiki mtu amefanya jambo peke yake. Mleta barua aliona muhuri wa hospitali akausoma kwa sauti pale kwenye bomba la maji. Nilipofika nyumbani viti vilikuwa vimeshapangwa.

Swali la kwanza, leo ni tarehe gani. Tulibishana mpaka chai ya pili, kwa sababu Bwana Thami anahesabu kwa mwezi unaoandama na Idder kwa kalenda ya kiwanda cha sardini. Tumekuandikia zote mbili. Swali la pili, uko ghorofa ya ngapi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nikaandika hivyo. La tatu, chora saa. Nimechora ile ya ukutani jinsi ilivyo, imesimama tangu baba alipofariki, na sitaisogeza mishale kumfurahisha Hasnae. La nne, hesabu kutoka mia ukirudi nyuma saba saba. Tulipofika sabini na mbili Bouazza alisema tusimame hapo kwa sababu ndio umri wangu. Sikuona sababu ya kumsahihisha.

Maneno matano nimeyaandika, unayaona. Sikuhangaika nayo hata kidogo, na sababu nitakuambia siku nyingine.

Kuhusu mkate sina la kusema. Nilikula nilichotaka kula. Na Rqia hulia kwenye kila basi.

Sasa na wewe uliyetunga mtihani, niandikie maneno hayo matano bila kuangalia.

Dada yako mwenye kichwa chake,
Ghita

*

Casablanca
12 Machi

Dada yangu Lalla Ghita,

Salamu sana. Hapa hali ni njema. Naoufal alipiga simu, theluji imefika dirishani, watoto wanakusalimu.

Karatasi imerudi. Ina miandiko sita na mafuta ya zeituni. Nilimpelekea Hasnae, akacheka mpaka akavua miwani. Aliuliza kama anaweza kuibandika ukutani. Sikuona cha kucheka. Umepewa jambo zito ukalifanya sherehe.

Usidhani nataka kukuonea. Naona mwenyewe uzee unavyowachezea watu. Hapa jirani kuna mzee mmoja, mtu wa heshima, msomi, juzi alitoka kununua nanaa. Duka liko ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa nusu saa, na njiani hakuna hata benchi. Aliporudi akaingia jengo ambalo si lake, akapanda ghorofa ya tatu, akakuta mlango wazi kwa sababu ilikuwa Ijumaa na wenyeji wana wageni, akavua viatu, akakaa. Wakamletea kuskusi. Alikula vizuri tu. Alipoomba kijiko ndipo mama mwenye nyumba alipomuuliza yeye ni mgeni wa nani, naye akamuuliza hilohilo. Mlinzi alipoitwa hakumjua, kwa sababu mlinzi hapa hamjui mtu. Mambo kama hayo sitaki yakukute.

Maneno matano ni mlango, farasi, limau, saa, na la tano ni kitu cha kitandani. Lakini anayepimwa ni wewe, si mimi.

Nduguyo,
Allal

*

Casablanca
19 Machi

Dada yangu Lalla Ghita,

Salamu sana. Ni siku nyingi sijakuandikia, unisamehe. Naoufal alipiga simu, anasema theluji imefika dirishani.

Sijui kama nilikusimulia habari ya mzee mmoja hapa jirani. Alitoka kununua nanaa, akaingia jengo la watu. Makosa si yake. Majengo haya yote yana rangi moja, mlango mmoja, ua moja la plastiki kwenye ngazi. Alikaa, wakampa kuskusi yenye maboga. Waliomwona wanasema alikuwa amevaa jilaba safi ya kahawia, imeshonwa kwapani kwa uzi mweupe, si mtu wa ovyoovyo. Wale vijana wa nyumba ile walimcheka wakati anatafuta viatu vyake. Hilo ndilo lililomuuma.

Karatasi ya mtihani bado sijaipata. Ukimaliza, itume.

Nduguyo,
Allal

*

Fez
2 Aprili

Allal mdogo wangu,

Salamu. Barua zako zote mbili zimefika, ya tarehe kumi na mbili na ya kumi na tisa. Naoufal mwambie theluji ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa pili zote nimezipokea.

Mpe pole mzee wa jirani yako. Nimemcheka sana pale alipoomba kijiko. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Soukaina, bibi harusi wa nyumba ya mbele, akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikafika kwenye jilaba. Hiyo kwapa niliishona mimi, Allal, siku ya arobaini ya mkeo, kwa uzi mweupe kwa sababu wa kahawia ulikuwa umeniishia, na ukanung'unika kwamba utaonekana msikitini. Basi nikaacha kucheka. Nimekaa na barua yako kwenye paja mpaka chai ikapoa, na nimelia, nakuambia wazi, ili usije ukasikia kwa mtu.

Sitakuuliza mengi. Nakuuliza moja tu: jana ulisema na watu wangapi?

Mimi jana nimekwenda tanurini na kurudi, hatua mia mbili. Nimesalimiana na watu kumi na tisa. Kila mmoja lazima nimjue jina, na la mwanawe, na maradhi yake, na kama tunasemezana au tumenuniana. Kwa Idder lazima nikumbuke kuwa mke wake yuko Taroudant kwa mama yake na siyo kwa ugomvi. Kwa Batoul, mama mkwe wa Soukaina, lazima nikumbuke ni lipi nililisema na lipi sikulisema. Kuna jiwe moja linaloteleza na lazima nilikumbuke hata kama nina hasira. Nikifika nyumbani kichwa kimechoka kama miguu. Wewe unasema huko unapumzisha akili. Kuna siku imepumzika mno, mdogo wangu.

Ya mtihani usijali. Ulishaipata, na ilikuwa na mafuta.

Nijibu upesi.

Ghita

*

Fez
29 Aprili

Allal,

Nakusalimu. Sijapata jibu. Simu nimeitoa kwenye unga, nimepiga mara nne, inalia tu. Hasnae anasema u mzima na umemkataza kusema zaidi. Ukinuna, nuna kwa maandishi.

Ghita

*

Casablanca
24 Mei

Dada yangu,

Salamu. Nilinuna. Kisha niliona haya. Kisha, nadhani, nilisahau kwa nini nilikuwa nimenuna, nikaikuta barua yako ndani ya friji, chini ya jibini.

Uliuliza jana nilisema na watu wangapi. Nimehesabu kwa wiki nzima ili nisikudanganye. Siku nyingi ni wawili. Mmoja ni mlinzi, anayemwita kila mwanamume hajji bila kuinua macho. Wa pili ni lifti, ina sauti ya mwanamke na hutaja ghorofa. Alhamisi nilimwambia asante.

Mzee wa kuskusi ni mimi. Ulijua. Imenitokea mara tatu, hiyo ya nanaa ndiyo pekee niliyolishwa. Mimi, Ghita, niliyekuwa nikisimama kwenye shamba tupu nikaonyesha kwa kidole mpaka utapita wapi. Sasa nasimama kati ya jengo la 14 na la 15 nahesabu madirisha ili nijue kwangu.

Nilikwenda kwa Hasnae. Nilifanya ule mtihani. Nilipata alama pungufu ya mlizopata ninyi sita. Hakunificha, anasema ni mwanzo wa kusahau, na hana dawa ya kunirudisha nilikokuwa. Nikamwambia angalau nakaa mahali patulivu. Akanijibu, "Baba mdogo, hapo hukai mahali. Huna pa kwenda, huna wa kumsalimu, sasa kichwa kikufanyie kazi ya nini?" Halafu akaniomba msamaha kwa kusema vile, na akanipa biskuti.

Naogopa, dada. Si kufa. Naogopa siku nitakayoingia kwangu mwenyewe nikamuuliza mtu mimi ni mgeni wa nani.

Usiwaambie kabla ya Sikukuu. Na jambo moja niambie kweli, kwa sababu nimelala nalo miezi minne: ule mkate. Kama na wewe kichwa kinakwenda, basi tumekwisha wote wawili, na ni afadhali nijue.

Allal

*

Fez
2 Juni

Allal wangu,

Salamu, na safari hii nazituma peke yangu, sikumwambia mtu. Nilisomea barua yako darini, mahali ambapo Bouazza hawezi kupanda.

Nimeapa kutosema habari ya mkate, kwa hiyo isome kisha uichome. Soukaina aliolewa Novemba. Hajui kukanda. Kwao walikuwa wakinunua. Batoul, mama mkwe wake, alishaanza kusema mbele za watu kwamba amepewa mkamwana wa dukani, na mtoto wa watu akawa anakonda. Basi kila asubuhi tunakutana penye bomba na mbao zetu za kubebea mkate. Mimi naupiga unga wangu alama yao ya uma, yeye anaupiga wake vidole vyangu vitatu. Bwana Thami anaoka, anarudisha kwa alama, na kila mtu anakwenda kwake. Batoul anakula mkate wangu na kumsifu mkamwana wake mtaa mzima. Mimi nakula wa Soukaina. Mwezi wa kwanza ulikuwa kama kutafuna sanduku. Sasa umeanza kulika pembeni. Kumwambia Rqia ni sawa na kumwambia redio, basi nikasema ni wangu.

Kwa hiyo kichwa changu kipo. Kinapungua kama cha mtu yeyote, jina moja leo, jina moja kesho, lakini hapa likinidondoka kuna mtu wa kuliokota.

Sasa nisikilize. Familia itakaa Sikukuu, na itakaa kwangu, na wewe utakuwa umeshahamia chumba cha juu. Kabati la ukutani hakina. Sitaki kubishana.

Utasema utapotea Fez, kona ni nyingi. Nilikuahidi kukuambia kwa nini maneno yako matano hayakunihangaisha. Uliandika kwamba umeyachagua mwenyewe. Hukuchagua. Hiyo ni njia yetu ya kubeba mkate wa mama, uliipita kila siku ukiwa na ubao kichwani. Imo ndani yako bado, imechanganyika tu mpangilio. Nakupangia.

Alhamisi tarehe kumi na nne panda treni ya asubuhi. Mwambie mwenye teksi akushushe langoni, Bab Ftouh. Shuka na njia mpaka usikie harufu ya LIMAU la chumvi, hapo ni kwa Idder. Pinda kuume. Penye bomba kuna PUNDA wa Bouazza. Kama hayupo, uliza yuko wapi, nao watakuuliza wewe ni nani, na hapo utakuwa umeshafika nusu. Fuata mlio wa KENGELE ya mfua shaba, kila anayeingia dukani huigonga kwa kichwa, imetundikwa chini mno. Juu ya kona limeanikwa BLANKETI la mfumaji Benaissa, jekundu, pita chini yake. Mkono wa kushoto ni MLANGO. Usihesabu madirisha. Ni huo uliouchora kwa mkaa ukapigwa.

Nitakuwa nimekaa kizingitini nakungoja.

Ghita

*

Nyuma ya barua yako, kizingitini
14 Juni

Dada yangu Lalla Ghita,

Salamu. Nakuandikia kwa sababu hupo.

Limau lipo. Idder alinilazimisha nionje matatu. Punda hakuwepo, nikauliza, wakaniuliza mimi ni nani, na kabla sijajibu watu wanne walisema kwa pamoja kwamba mimi ni Allal wa Ghita, mwenye jilaba. Kwa hiyo nadhani darini uliisoma kwa sauti. Kengele niliigonga kwa kichwa mwenyewe. Blanketi lilikuwa la bluu, nikasimama pale nikilitazama, mpaka Benaissa akatoa kichwa dirishani akasema jekundu limeuzwa jana, nipite tu. Nimepita. Alama ya mkaa bado ipo chini ya rangi, nimeipapasa.

Nilibisha mlango. Mtaa mzima ukaniambia umekwenda kuoga hamamuni. Nikasema haiwezekani, ananingoja leo. Bwana Thami alikuja na unga mikononi akaniambia polepole kwamba asubuhi aliwakumbusha wote kuwa nakuja leo, na kwamba wewe ulimjibu, leo si Jumatano?

Sitamwambia Hasnae.

Wamenikalisha. Nimekunywa chai za nyumba tatu. Soukaina ameleta mkate wako kutoka tanurini, wa vidole vitatu, nikakata nikala. Dada, ni mbaya sana. Pembeni unalika, hapo ulisema kweli. Nilikuwa natafuna wakati Batoul alipotoka nje, akautazama, akatikisa kichwa akaniambia, "Masikini Ghita, uzee umemwingia mikononi. Angekuja kujifunza kwa mkamwana wangu."

Soukaina alikuwa amesimama nyuma yake, amekuwa mweupe kama unga.

Nilikumbuka kila kitu, Ghita. Bomba, mbao, uma, kiapo chako. Nimemeza, nikasema, "Huu si wa Ghita, Lalla Batoul. Nimeukanda mimi."

Amenihurumia, ameenda akaniletea wa kwao. Ni wako, wa moto. Nimekubakishia nusu.

Allal